Roboti ilipata asilimia 340 kwenye data ya zamani, sokoni inapoteza. Nirekebishe nini?

Swali la msomaji wa Katuba, Lubumbashi:

«Yaya, niko na roboti ya programu ya Freqtrade inayonunua na kuuza kripto kwenye soko la mtandaoni la Binance. Sarafu 12, mishumaa ya dakika 15 (yaani bei ikichorwa kila dakika 15), sikopi kitu. Niliipima kwa data ya Januari 2023 mpaka Desemba 2024, nikaiachia zana yake ya Hyperopt itafute mipangilio bora kwa mizunguko 2,000. Ikanionyesha faida ya asilimia 340, biashara 2,400, ushindi asilimia 71. Nikaweka dola 350. Leo ni wiki ya tano: biashara 97, nimeshinda 57, na zimebaki dola 320. Laptopu iko nyumbani, na umeme unakatika kama unavyojua. Niirudishe kwenye Hyperopt kwa data ya mwezi huu ili izoee soko la sasa? Halafu wenzangu wa likelemba, kikundi chetu cha kuchangishana kwa zamu, wanataka kunipa makuta (pesa) yao niyaweke humo. Nikubali? Nimekutumia faili ya mipangilio na ripoti.»

Mdogo wangu, usiirudishe kwenye Hyperopt. Zuia biashara mpya, zilizo wazi ziache zifungwe kwa utaratibu wake, pesa ikae kwenye USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola. Ukiirekebisha leo kwa data ya mwezi mmoja utapata namba nyingine nzuri, na bado hutajua kwa nini ile ya kwanza ilikudanganya. Likelemba tutaifikia mwishoni.

Kuna jaribio moja ambalo karibu kila mtu hulipita, nalo ndilo la kuanza nalo. Pakua data ya wiki hizo tano ulizokuwa sokoni, kisha ipime roboti ileile kwa mipangilio ileile, hata koma usiiguse. Utapata orodha ya biashara ambazo programu inadai zingefanyika siku hizo. Iweke kando ya orodha ya zile 97 zilizofanyika kweli, usome mstari kwa mstari: sarafu gani, saa gani, imeingia kwa bei gani, imetoka kwa bei gani na kwa sababu gani.

Kama jaribio nalo linaonyesha hasara ya wiki tano, na biashara zinafanana, mashine yako inafanya kazi uliyoituma; wazo lenyewe ndilo halina faida katika soko hili. Kama jaribio linaonyesha faida mahali ulipopata hasara, wazo liache kwanza, tafuta kilichoharibika njiani: bei uliyopewa, oda iliyochelewa, mshumaa uliosomwa kabla haujafungwa, umeme uliokatika saa mbaya. Ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti, na Hyperopt haitibu la pili hata uizungushe mwaka mzima. Angalia pia saa. Freqtrade na Binance zinahesabu kwa UTC (saa ya kimataifa), Lubumbashi iko mbele kwa saa mbili, kwa hiyo mshumaa wa siku unafungwa kwako saa nane ya usiku. Nimeona watu wakilinganisha orodha mbili zilizopishana saa mbili, wakaanza kutafuta kosa ambalo halipo.

Sasa faili uliyonituma. Kwenye mstari wa ada umeandika sifuri. Bila shaka uliiweka wakati unajaribu kitu, ukasahau kuitoa, lakini tukae hapo kidogo kwa sababu sehemu kubwa ya 340 yako imelala kwenye mstari huo.

Ada ya kawaida ya Binance kwenye soko la papo kwa papo (unaponunua sarafu yenyewe bila kukopa) ni asilimia 0.1 ukinunua na asilimia 0.1 ukiuza, jumla 0.2 kwa kila biashara. Ripoti yako inasema wastani wa faida kwa biashara ni asilimia 0.25. Unaruhusu biashara nne kwa wakati mmoja, kila moja inachukua robo ya akaunti, na faida inarudi ndani. Biashara 2,400 za namna hiyo zinakufikisha karibu na ile 340. Toa 0.2 ya ada, kwenye 0.25 inabaki 0.05. Piga hesabu upya: miaka miwili inatoa kama asilimia 35. Ukilipa ada kwa BNB, sarafu ya Binance yenyewe, unapunguziwa robo yake, hali inapata nafuu, lakini hatujamaliza kutoa.

Bei inateleza. Jaribio linadhani utanunua kwenye bei ya kufungulia ya mshumaa unaofuata, yote, papo hapo. Sokoni kuna bei ya wanaouza na bei ya wanaonunua, na pengo kati yake wewe ndiye unayelilipa. Kwa bitcoin pengo hilo ni dogo mno. Kwa sarafu nne za mwisho kwenye orodha yako si dogo. Ukikadiria asilimia 0.05 tu kila upande, inaondoka 0.1 nyingine, na ile 0.05 iliyobaki inageuka kuwa hasara ya 0.05. Roboti ya asilimia 340 ingekula robo ya akaunti yako katika miaka ileile, kwa data ileile, bila soko kubadilika hata kidogo.

Ndiyo sababu ushindi wa asilimia 71 haukunishtua. Kwenye ripoti, biashara zako zinazoshinda zinapata wastani wa karibu asilimia 1.4, na zinazoshindwa zinapoteza karibu 2.5. Kwa uwiano huo unahitaji kushinda asilimia 64 ya biashara ili usipate wala usipoteze. Ukiweka ada, kiwango hicho kinapanda hadi 69. Kwa hiyo ulikuwa na nafasi ya alama mbili tu juu ya maji, na sokoni umeshinda asilimia 59.

Unaweza kusema ni bahati mbaya ya mwezi mmoja. Tupime. Kama uwezo wa kweli ni asilimia 71, kwenye biashara 97 tungetegemea ushindi 69 hivi, huku bahati ikisukuma juu au chini kwa nne au tano. Wewe una 57. Kama kila biashara ingesimama peke yake, matokeo mabaya kiasi hicho yangetokea chini ya mara moja katika mia. Lakini hazisimami peke yake. Bitcoin ikianguka mchana mmoja, sarafu zako zote 12 zinaanguka nayo, na biashara nne zilizokuwa wazi zinashindwa kwa sababu moja. Zile 97 zina uzito wa biashara chache zaidi, pengo linaweza kuwa limekuzwa na siku mbili tatu mbaya. Tazama tarehe za hasara zako. Zikiwa zimerundikana siku chache, bahati bado ni mshukiwa. Zikiwa zimetawanyika wiki zote tano, usiitafute bahati.

Kuna ulinganisho mwingine ambao ripoti yenyewe inakupa, maana Freqtrade huandika mabadiliko ya soko chini ya jedwali, na hakuna anayesoma hapo. Tarehe 1 Januari 2023 bitcoin ilikuwa karibu dola 16,500. Tarehe 31 Desemba 2024 ilikuwa juu ya dola 93,000. Mtu aliyenunua siku ya kwanza akaizima simu alizidisha pesa yake zaidi ya mara tano na nusu. Roboti yako, hata ndani ya ndoto isiyolipa ada, iliizidisha mara nne na nusu kasoro. Miaka hiyo miwili karibu kila kitu kinachonunua na kusubiri kilipata faida, na kipimo chako hakikuweza kutofautisha werevu na mvua iliyowanyeshea wote.

Kwa hiyo data yako inakosa mwaka 2022, na huo ndio mwaka wa kukutana nao. Bitcoin iliuanza kwenye dola 46,000 hivi, ikaumaliza kwenye 16,500. Mwezi Mei sarafu ya LUNA ilianguka kutoka karibu dola 80 hadi sehemu ndogo za senti kabla ya wiki kuisha. Tarehe 11 Novemba FTX, soko kubwa la kripto, iliomba kufilisika. Kama roboti yako ina kanuni ya «bei ikishuka sana, nunua», mwaka huo utaonyesha inafanya nini wakati bei inashuka na hairudi. Ongeza na tarehe 12 Machi 2020, bitcoin ilipopoteza zaidi ya theluthi moja ya bei yake siku moja.

LUNA inanirudisha kwenye sarafu zako 12. Ulizichaguaje? Kama ulitazama zenye mauzo makubwa leo kisha ukazipima kwa 2023, umeingia mtihani na majibu mfukoni. Zilizo juu leo ni zile zilizonusurika. Mwanzoni mwa Mei 2022 LUNA nayo ilikuwa miongoni mwa sarafu kubwa, na roboti yoyote yenye orodha ya «kumi na mbili bora» ingekuwa nayo. Panga orodha kwa kile kilichojulikana siku ambayo jaribio linaanza, na zilizokufa zibaki ndani.

Sasa Hyperopt, ambayo ndiyo kiini cha swali lako.

Hapa Katanga unajua mfuko wa mawe unavyouzwa. Mnunuzi anachukua kidogo, anapima kiwango cha shaba, analipa kwa kipimo hicho. Sasa fikiria mnunuzi anayemwachia muuzaji achague kipande cha kupima, tena amruhusu apime vipande 2,000 nyumbani na aje na kile kimoja kilichotoa kiwango cha juu. Mashine ni nzima, na namba iliyoandikwa ni ya kweli kuhusu kipande hicho. Kuhusu mfuko haisemi kitu. Hyperopt ilipima mipangilio 2,000 na ikakuletea bora. Asilimia 340 ni kiwango cha kipande kilichochaguliwa.

Jambo hili lina hesabu zake. Mwaka 2014 wanahesabu wanne, David Bailey na wenzake, walionyesha kwenye jarida la Notices of the American Mathematical Society kwamba mwenye data ya miaka mitano akijaribu mipangilio huru zaidi ya 45, karibu hakika atapata mmoja unaoonekana mzuri kwa viwango vya wataalamu, huku uwezo wake wa kweli mbele ya safari ukiwa sifuri. Wewe ulikuwa na miaka miwili na mizunguko 2,000. Ni kweli mizunguko ya Hyperopt haiko huru, mingi ni jirani wa mwenzake, hivyo huwezi kuziweka namba hizo mbili kwenye mzani mmoja. Lakini mwelekeo ni huohuo, na mipangilio tisa unayoiacha ielee kwa wakati mmoja inazidisha tatizo: tisa zenye thamani kumi kumi ni mchanganyiko bilioni moja.

Usiniamini kwa maneno, fanya hivi. Nakili roboti yako, futa sheria ya kununua, weka mahali pake sarafu ya kurusha juu: inunue kwa nasibu, mara nyingi sawa na roboti ya kweli. Kisha iachie Hyperopt mizunguko ileile 2,000 irekebishe sehemu ya kuuza na mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu ya kompyuta), kwa data ileile. Rudia mara kadhaa. Ikiwa roboti isiyojua chochote inafika asilimia 200 au 300, umeujua urefu wa maji, na 340 yako iko hapo hapo kwenye maji. Ikiwa ya nasibu inaishia asilimia 40 na yako inabaki mbali juu baada ya ada, hapo nitavuta kiti nikusikilize vizuri.

Kuirekebisha roboti si kosa. Kosa ni kuitumia data moja kwa kazi mbili, ya kuchagua na ya kuthibitisha. Njia ninayoiamini ni ya dirisha linalosogea. Chukua data ya 2021 hadi 2024. Rekebisha kwa mwaka 2021 peke yake, funga mipangilio, pima miezi mitatu ya kwanza ya 2022. Sogeza dirisha miezi mitatu, rekebisha tena kwa miezi 12 iliyotangulia, pima miezi mitatu inayofuata. Endelea mpaka mwisho wa 2024. Utakuwa na vipande 12 ambavyo roboti haikuwahi kuviona ilipokuwa inarekebishwa, na matokeo yake ukiyaunganisha ndiyo rekodi pekee inayostahili kuitwa matokeo. Vipande vyote havitakuwa vizuri, wala havipaswi. Naangalia kama faida yote imetoka kwenye kipande kimoja. Ikiwa hivyo, una tukio moja la bahati lenye maelezo marefu.

Data ya 2025 iache kabatini. Utaifungua mara moja, ukishaamua kwamba hubadilishi tena kitu. Ukiifungua, ukaona haipendezi, ukarudi kurekebisha, imeshakuwa data ya kujifunzia na huna tena ya kuthibitishia.

Kabla ya hayo yote, punguza mipangilio kutoka tisa hadi mitatu. Sioni sababu ya RSI (kipimo cha kasi ya bei) ya kuingia, RSI ya kutoka, mistari mitatu ya wastani wa bei na ngazi nne za faida zote kuwa huru. Baki na ile ambayo unaweza kuieleza kwa sentensi moja kwa nini inapaswa kuwepo. Halafu angalia majirani. Hyperopt ilikuchagulia RSI ya 31. Pima 27, 29, 33 na 35, vingine vyote vikae palepale. Faida ikishuka taratibu kila upande, uko kwenye uwanda. Ikiwa 31 inatoa 340 na 33 inatoa hasara, umesimama kwenye ncha, na soko halitakuachia usimame hapo. Mimi huchagua thamani ya katikati ya uwanda hata kama ina faida ndogo kuliko kilele, na sijawahi kuona sababu ya kufanya vingine.

Kuna uvujaji wa kuuangalia pia, data ya kesho kuingia kwenye uamuzi wa leo. Freqtrade ina amri ya kuutafuta, `lookahead-analysis`, na nyingine, `recursive-analysis`, inayoonyesha kama viashiria vyako hubadilika kulingana na urefu wa data inayotangulia. Ziendeshe zote mbili. Kwenye faili yako nimeona mstari unaogawanya bei kwa kilele cha kipindi chote cha data. Hilo ni kosa la wazi: tarehe 5 Februari 2023 roboti haikupaswa kujua kwamba bitcoin ingevuka dola 100,000 Desemba 2024. Tumia kilele cha mishumaa iliyopita tu. Na kwa kuwa mshumaa wa dakika 15 hauonyeshi kama bei ilipanda kwanza au ilishuka kwanza, pima kwa `--timeframe-detail` ukiipa data ya dakika moja. Biashara zinazogusa lengo la faida na kikomo cha hasara ndani ya mshumaa mmoja zitahesabiwa kwa haki zaidi.

Roboti ikipita hapo, iweke kwenye hali ya majaribio bila pesa kwa bei za sasa, na kila wiki rudia lile jaribio la orodha mbili. Hapa hutafuti faida. Unatafuta kama mashine inafanya sokoni kile ilichofanya kwenye data. Hali hiyo bado inakupa upendeleo, kwa sababu oda zako za bandia hazisimami foleni na za wengine, kwa hiyo hatua inayofuata ni pesa ya kweli kwa kiasi kidogo kabisa ambacho soko linakubali, lengo likiwa kupima bei unayopewa tu.

Tuje kwenye laptopu. Nilipofungua faili yako nilitafuta neno moja, `stoploss_on_exchange`, na limewekwa hapana. Maana yake kikomo chako cha hasara kinaishi ndani ya laptopu ya Katuba. Umeme ukikatika, betri ikaisha au kisanduku cha intaneti kikazima, Binance haijui kwamba ulitaka kuuza. Bei itapita kwenye kikomo kama hakipo. Geuza iwe ndiyo, ili oda ya kukata hasara ikae sokoni hata ukiwa gizani. Jua pia kwamba kwenye soko la papo kwa papo la Binance oda hiyo ina bei ya chini ambayo haitauza zaidi yake, kwa kawaida asilimia 1 chini ya kikomo. Soko likiruka kuipita, oda inabaki bila kuuzwa. Tarehe 10 Oktoba 2025, baada ya tangazo la ushuru wa Marekani dhidi ya China, biashara za pesa ya kukopa za zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa kwa nguvu ndani ya siku moja, na sarafu ndogo nyingi zilipoteza zaidi ya nusu kwa dakika chache. Siku kama hiyo ulinzi wako ni ukubwa wa biashara tu.

Umeme ukirudi kuna mtego wa saa. Laptopu ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa inaamka na saa iliyopotoka, na Binance inakataa ombi lolote lililopita milisekunde zinazoruhusiwa, kwa kawaida 5,000. Utaona kosa namba -1021 likijirudia; roboti iko hai, inaona bei, haiwezi kuuza. Weka saa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao kabla roboti haijawashwa. Na ikishawaka, kazi yake ya kwanza iwe kuuliza soko ina oda gani na sarafu ngapi, isiamini kumbukumbu yake. Wakubwa nao huumia hapa: tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa dakika 45 hivi, kwa sababu seva moja kati ya nane ilibaki na programu ya zamani.

Seva ya kukodi ingekutoa kwenye habari za umeme, na ingekupa anwani ya mtandao isiyobadilika ya kufungia ufunguo wako wa API, ule ambao roboti inautumia kuingia Binance. Ufunguo wako sasa hivi uko wazi kwa anwani yoyote. Hakikisha leo, kabla hujamaliza kusoma, kwamba hauruhusu kutoa pesa. Desemba 2022 funguo za wateja wa huduma ya roboti ya 3Commas zilivuja, na watu waliibiwa. Ila fanya hesabu: seva ya dola tano kwa mwezi ni dola 60 kwa mwaka, yaani asilimia 17 ya dola 350 zako, kabla roboti haijafanya biashara hata moja. Ongeza unachopoteza ukinunua USDT kwa mtu kupitia M-Pesa au Airtel Money na ukiuza kurudi. Akaunti ya ukubwa huo haiwezi kujilipia. Inaweza kukufundisha, na kama ndivyo unavyoihesabu, dola 30 zilizokwenda ni ada ya shule ya bei nafuu. Na usiruhusu mtu akuuzie seva ya haraka ya bei ghali. Kwa mishumaa ya dakika 15, nusu sekunde haikupunguzii wala kukuongezea kitu.

Kuhusu kurekebisha tena baadaye: weka tarehe, mfano kila miezi mitatu, iendane na dirisha ulilotumia kwenye majaribio, na uirekebishe siku hiyo hata kama inashinda. Anayerekebisha kila anapopoteza ana mpangilio mmoja zaidi ambao hakuupima, yeye mwenyewe. Andika pia kikomo cha kuizima. Mimi huchukua mshuko mkubwa zaidi wa akaunti kutoka kileleni ulioonekana kwenye vile vipande 12, nauzidisha kwa moja na nusu, na roboti ikifika hapo inazimwa bila mjadala. Freqtrade ina vilinzi vya kusitisha biashara mpya hasara zikifuatana; viwashe, na uviwashe kwenye majaribio pia, la sivyo unapima roboti moja na kuendesha nyingine.

Likelemba: usichukue. Pesa ile ina zamu yake. Kuna mama atakayeipokea mwezi ujao alipe ada ya watoto, na roboti haiijui zamu hiyo. Halafu kuna hili la kiufundi. Kikomo cha kuizima ulichokiandika utakiheshimu ikiwa ni dola zako 320. Ikiwa ni za watu kumi wanaokupigia simu kila jioni kuuliza imefika ngapi, siku ya kukifikia utakisogeza kidogo ili usiwape habari mbaya, na wiki inayofuata utakisogeza tena. Waambie roboti bado iko kwenye majaribio, maana ndiko iliko. Kisha nitumie zile orodha mbili za wiki tano na matokeo ya roboti ya nasibu, ada ikiwa imewekwa.